Sekretere wa Kuko Nini

Ukikutana na Sekretere njiani hukupata salamu kwanza. Uliulizwa, "Kuko nini?" Ukijibu kwamba hakuna kitu, alikutazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akauliza tena, safari hii polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka. Na kweli ungekumbuka. Shangazi wa mke wako anafika Jumapili kutoka Kasaji. Jirani anaezeka nyumba na anahitaji mikono. Watoto wa shule wataimba. Aliyachukua hayo yote akaendelea na safari yake, mfuko wa plastiki mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu mpaka nyusi zimepanda, na salamu yenyewe alikutupia akiwa ameshakupita.

Sekretere ndivyo tulivyomwita hapa ziwani Nzilo, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa amepiga taipu miaka mingi katika ofisi ya mgodi mmoja mjini Kolwezi. Ofisi ilipofunga milango aliondoka na mashine yake ya kuandikia, ile nzito ya chuma, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka, akaja kuishi kwa ndugu zake kandokando ya maji. Mimi nilikuwa na kibanda cha kuchaji simu kwa umeme wa jua, na ndani yake mashine ndogo ya fotokopi iliyofanya kazi siku jua lilipokubali. Kwa hiyo tukawa majirani, kisha washirika, kisha watu wa kugombana kila Alhamisi.

Tuligombania gazeti. Naliita gazeti kwa heshima yake. Lilikuwa karatasi moja, upande mmoja, na juu limeandikwa Kuko Nini kwa herufi kubwa ambazo alizipiga mara mbilimbili zikolee. Lilitoka Ijumaa asubuhi, liwakute Waislamu kabla ya sala ya adhuhuri, wale wanaosali Jumamosi kesho yake, na sisi wengine Jumapili. Tulilibandika kwenye mlango wa msikiti, kwenye makanisa, kwenye nguzo ya mahali pa kupimia samaki, kwenye depo ya bia, na kule juu kwenye kambi ya vijana wanaochimba kobalti. Ndani yake kulikuwa na ndoa, ubatizo, msiba, mechi, chanjo, mkutano wa kisima, siku ya lori la unga kufika. Yaliyopita hakuyaandika kamwe.

"Ya jana iko na benyewe," alisema. "Mi naandikaka ya kesho, ju kesho njo kwenye mutu anaweza kuenda."

Vijana walimwambia mambo ya karatasi yamepitwa na wakati, siku hizi kuna simu. Aliwauliza mtandao unapatikana wapi. Wakamwonyesha kilima nyuma ya shule, ambako mtu husimama mkono juu akitafuta nukta moja ya mawasiliano. "Kule juu muko na mbuzi na bakrezeri wawili," akasema, akiwa na maana ya wachimbaji. "Na simu inasemaka tu na mwenye uko na namba yake. Mi natafuta mwenye hauna namba yake." Hilo walilichukulia kama ubishi wa mzee. Mimi nililielewa baadaye kidogo, nilipojua alikuwa anaogopa nini.

Sekretere aliogopa kitu kimoja kuliko vyote: kuzikwa bila mtu wa kumcheka.

Msomaji asiyetoka kwetu atashangaa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu koo zina utani kati yao, tunauita bunungwe, na mtani mwenyewe manungwe. Ukoo wa Chui unataniana na ukoo wa Mbuzi, kwa kuwa chui anamla mbuzi. Mvua inataniana na Udongo, kwa kuwa inaulowesha. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia sokoni na usikasirike. Lakini kazi yake kubwa ni siku ya msiba wako. Atakuja akiwa amevaa nguo zako, atatembea mwendo wako, atakuita mchoyo na mlevi, atalala njiani jeneza lisipite mpaka mmbembeleze. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Bila yeye watu wanalia tu, na kilio kitupu kinakaa kifuani muda mrefu.

Mume wa Sekretere alizikwa mjini bila mtani. Wakati ule mgodi ulikuwa umesimama, wafanyakazi wametawanyika, wengine Lubumbashi, wengine Dilolo kutafuta biashara ya mpakani, na mtaa wao ulikuwa umejaa wageni wasiojuana. Hakuna aliyepeleka habari kwa mtu aliyepaswa kuzipata. Walikuja majirani wachache, wakasimama kwa adabu, wakatoa pole, wakaondoka. "Tulimuzika sawa mutu anarudisha chupa mu depo," aliniambia siku moja tukisubiri jua litoke nyuma ya wingu. Alisema hivyo kwa ukavu, akicheza na kifuniko cha mashine yangu. Alipohamia ziwani akakuta mambo ni yaleyale. Wavuvi walizikana wenyewe. Wachimbaji waliotoka Kasai walizikana wenyewe. Familia za wafanyabiashara wa Kindu na kwingine mashariki walizikana wenyewe, haraka, kabla jua halijazama. Aliona kijana mmoja aliyeangukiwa na shimo akipitishwa mbele ya soko, jeneza limebebwa na wenzake tu, na mama wauza samaki hawakujua hata waache kuongea. Wiki ileile alikuja kibandani kwangu na karatasi ya kwanza.

Kwa hiyo gazeti lilikuwa na sharti, na sharti hilo ndilo lililomfanya achukiwe na apendwe. Hakutoza kitu. Lakini ukileta tangazo, ulete na mtu. Asiwe wa nyumba yako, asiwe wa kabila lako, asiwe wa kanisa lako. Mtu huyo asimame mbele ya Sekretere aseme kwa mdomo wake, "Nitafika." Bila neno hilo mashine haikulia.

"Batu ya nyumba batakuya tu, damu inabavuta," alisema. "Mi nataka ule mwenye hakuna kintu kinamuvuta."

Mkuu wa mtaa wetu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alitaka hotuba yake itangazwe ukurasa mzima. Sekretere akamwomba mtu wake. Akaleta dereva. Dereva akakataliwa, ni mtu wa nyumbani. Akaleta polisi.

"Ule akikosa kufika utamufunga," Sekretere akasema. "Leta mwenye hakuogope."

Mkuu alizunguka kutwa nzima. Jioni alirudi peke yake, akaketi kwenye benchi langu, akanunua soda, akainywa. Hotuba haikutangazwa. Lakini baadaye, binti yake alipoolewa, alikuja na fundi wa mitumbwi ambaye alikuwa amegombana naye juu ya kiwanja, nao wote wawili wamenyoa ndevu kwa ajili hiyo. Sijui walizungumza nini njiani. Fundi alisema neno lake, Sekretere akapiga taipu, na harusi ile tulicheza mpaka viatu vikatuchoka.

Mwingine alikuwa mchimbaji, kijana wa Kasai aliyepata mtoto wa kwanza na hakumjua mtu yeyote nje ya kambi. Alipita sokoni na mtoto kwenye kitenge, akiuliza meza kwa meza, "Mama, utafika?" Wengine walidhani anaomba pesa, wakamfukuza. Muuza samaki mmoja, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko visu vyake, alimwambia atafika ili tu amwache afanye biashara. Alifika kweli, akapewa mtoto ambebe, na yule mtoto leo anaitwa jina la muuza samaki na anakula kwake mara nyingi kuliko kwa mama yake.

Nisije nikamfanya malaika. Sekretere alikuwa mgumu. Alisema anachukia umbea, na hakuna aliyejua mambo ya watu kama yeye. Alituhimiza tufike mapema kila mahali, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali, kwa sababu njiani aliuliza kila mtu kuko nini. Aliandika sherehe za watu wote lakini hakula chakula cha sherehe. Alikaa pembeni na kikombe cha munkoyo, akila karanga zake alizokuja nazo mfukoni, na ukimletea sahani ya bukari na kuku alimwita mtoto wa karibu. Aliishi hatua chache kutoka ziwani na aliyaogopa maji kama paka. Kufika ng'ambo, ambako mtumbwi ungemchukua kwa muda wa kuimba nyimbo mbili tatu, alizunguka kwa miguu ukingo mzima, vumbi mpaka magotini. Akifika huko kubandika karatasi, sherehe yenyewe wakati mwingine ilikuwa imeshaanza. Wavuvi walimpigia makofi kutoka majini. Aliwaambia waangalie wasizame, maana yeye haji kuwavua.

Na alikuwa na kiburi cha kazi yake. Nikipotosha fotokopi, mstari ukapinda, alirudisha zote. Nilimwambia wino hauchotwi ziwani, unanunuliwa mjini. Akasema aibu nayo haina mnunuzi, kwa hiyo nirudie. Alhamisi zetu zilikuwa hivyo. Nazikumbuka kwa hamu ambayo siwezi kuielezea vizuri: mlio wa ile mashine ukisikika mpaka mahali pa kupimia samaki, harufu ya dagaa wanaoanikwa, vumbi la malori ya madini likija kutoka barabara kuu, na yeye akinisomea kwa sauti matangazo ya watu kana kwamba ni habari za dunia.

Sasa nifike kwenye kosa, kwa maana alikosea mara moja, na alikosea pakubwa.

Alikufa mvuvi mzee, mmoja wa waliokuwa na mitumbwi ya zamani kabisa, mtu wa ukoo wa Chui. Sekretere alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Ilikuwa zamu yake, basi, na alifurahi ile furaha ya huzuni ya mtu aliyepewa kazi anayoiweza. Alilipiga taipu tangazo la msiba alfajiri, mimi nikalitoa fotokopi bila kusoma kwa makini kwa sababu jua lilikuwa dogo na niliwahi kabla betri haijafa. Tangazo lilisema hivi:

"KILIO. Mwizi wa nyavu zetu, mwenye kukoroma mu bwato mpaka samaki banakimbia, leo amechoka. Batu bote bakuye kuangalia kama kweli amekufa, ju alikuwaka mutu wa uongo. Mulete mikeka."

Wenye asili ya pale walisoma wakacheka wakafuta machozi. Lakini karatasi ilikuwa imebandikwa pia kambini na msikitini. Huko hakuna aliyejua Mbuzi na Chui. Walisoma kwamba marehemu ni mwizi na mwongo.

Kabla ya adhuhuri walikuwa wamefika watu wawili uani kwake, na nyuma yao umati. Wa kwanza alikuwa mkwe wa marehemu, mchimbaji wa Kasai mwenye mabega ya mlango. Wa pili alikuwa Tata wa Kamyo, yaani Baba wa Lori. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, familia yake imetoka Kindu, mwenye lori la buluu lililopeleka samaki wetu Kolwezi na kurudi na unga, sabuni, wakati mwingine mihogo ya Kasaji. Mtu mpole, kofia yake nyeupe siku zote safi hata barabara ikiwa mbaya. Siku hiyo mkononi alikuwa na ile karatasi, ameing'oa mlangoni pa msikiti. Mimi nilizima mashine, nikafunga kibanda, nikajifanya natafuta kuku karibu na ua wa Sekretere ili nisikie.

Sekretere alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama," Tata wa Kamyo alisema, akiinua karatasi, "hii ni maneno gani? Mutu amekufa. Mufu hatukanwi. Hata adui yako, akifa unanyamaza."

"Nani alikuambia tata-mukwe yangu ni mwizi?" mkwe akafoka. "Sema hapa mbele ya batu! Hii mashine yako leo nitaitupa mu maji!"

Sekretere aliinua macho. Nilimwona anaitazama karatasi, kisha nyuso zao, na nikaona jambo likimwingia ambalo hakuwa amelifikiri. Aliweka ungo chini.

"Nimekosea," alisema. "Karatasi haiko na macho. Mwenye kusoma haone kama mi nacheka."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Kisha akasimama, akajikung'uta maganda.

"Mais sitafuta. Mukuye na miye ku kilio. Kama mukiona ni matusi, mashine iko pale, mutaitupa. Nitawasaidia kuibeba, ni nzito."

Walimfuata kwa hasira, sisi wengine kwa udaku. Pale msibani mjane alikuwa ameketi mkekani tangu jana yake, macho makavu, hasemi, hali, na watoto wake walikuwa wameanza kuogopa. Sekretere aliingia ndani ya nyumba. Alipotoka alikuwa amevaa kofia ya marehemu, ile ya majani iliyotoboka, kasia begani, na anatembea ule mwendo wake wa kuburuta mguu wa kushoto. Alipita katikati ya wafiwa akilalamika kwamba mitumbwi yote inavuja, samaki wote wadogo, wake wote wakorofi. Akaenda akalala chali mbele ya mjane, kofia usoni, akakoroma.

Mjane alimtazama. Mdomo ukaanza kumtetemeka. "Njo yeye," akasema. "Njo yeye kabisa! Mungu wangu, njo vile anakoromaka!" Akacheka mpaka akaangukia upande, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kile cha kweli, kikubwa, kilichokuwa kimekataa kutoka. Binti zake wakamkumbatia. Mkwe, yule wa mabega, alikaa chini taratibu pale alipokuwa amesimama, akaficha uso kwenye magoti. Nikamtazama Tata wa Kamyo. Alisimama mbali kidogo, karatasi bado mkononi. Baadaye aliikunja vizuri, akaitia mfukoni, akavua viatu, akaja kukaa kwenye mkeka pamoja na watu ambao kwa miaka yote alikuwa ananunua samaki wao tu.

Hakuna aliyetupa mashine.

Haukupita muda mrefu Tata wa Kamyo akaja Alhamisi na tangazo la nikaha ya binti yake. Mtu wake wa kusema neno alikuwa yule mjane wa mvuvi, amefunga kitambaa cheusi, ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Nitafika," mjane akasema, na Sekretere akaingiza karatasi kwenye mashine. Kazi ilipokwisha mjane akaenda, lakini Tata wa Kamyo hakuondoka. Alizunguka, akatazama chaja zangu, akauliza bei ya kitu ambacho hakukitaka.

"Kuko nini?" Sekretere akamuuliza.

"Mama, batu yangu bote iko Kindu. Mi naweza kufa hapa ziwani, ao mu barabara ya Kasaji. Waislamu benzangu batanizika vizuri, najua." Akavua kofia, akaivaa tena. "Mais nani atanicheka?"

 Kwa Sekretere hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Ukoo huwezi kumpa mtu kama unavyompa kikombe cha maji. Alikaa akipigapiga vidole kwenye mashine bila kuandika. Mwishowe akauliza, "Chui anamufanya mbuzi nini?"

"Anamukula."

"Mvua inafanya udongo nini?"

"Inaulowesha."

"Sasa kamyo inafanyaka mbuzi nini?"

Tata wa Kamyo akafikiri. "Inamubeba."

"Inamubeba wapi?"

"Kule juu. Juu ya mizigo." Uso wake ukaanza kubadilika. "Na kamba. Tunamufunga miguu na kamba."

"Voilà," Sekretere akasema. "Njo manungwe yako miye."

Wazee wa ukoo wa Chui walinung'unika waliposikia. Walisema bunungwe haitungwi kibandani pa kuchajia simu, inatoka kwa mababu. Sekretere aliwajibu kwamba hata mababu kuna siku walianza. Hawakuridhika, lakini jambo lilikuwa limeshashika njia. Tangu siku hiyo lori la buluu halikupita mbele ya ua wake bila honi, na Tata wa Kamyo, yule mpole wa kofia nyeupe, akitoa kichwa dirishani: "Mbuzi! Kuko nafasi kule juu!" Naye kutoka jikoni: "Ile si kamyo, ile ni sufuria! Tairi imekufa zamani, inakungoja weye!" Wageni waliokuja kutoka mjini Jumapili kula samaki wa kuchoma na kupiga muziki walidhani wawili hawa wana kesi mahakamani.

Lakini mwili hauulizi kuko nini. Sekretere alianza kuchoka. Kwanza aliacha kuzunguka ziwa, kisha akaacha kufika nguzo ya samaki, kisha Alhamisi moja alinisukumia mashine akaniambia leo nipige mimi. Mpwa wake alikuja kumchukua akakae Kolwezi, karibu na hospitali. Alipanda gari akiwa amekasirika, hakutuaga. Nilijua kwa nini. Alikuwa anarudi mjini kule kule alikomzika mumewe.

Gazeti niliendelea nalo, na sharti lake pia. Watu walidhani nitalegeza kwa kuwa mimi ni laini. Sikulegeza.

Nilikwenda kumwona ndani ya lori la buluu, nimekaa mbele kati ya Tata wa Kamyo na gunia la dagaa. Njia nzima tulipishana na malori makubwa ya madini, vumbi likifunga kioo, na yeye ambaye kwa kawaida husimulia bei za kila kitu hakutaja hata moja. Nyumba ya mpwa ilikuwa na ukuta na mlango wa chuma. Nilimuuliza mpwa majirani ni watu wa wapi. Akasema hajui, kila mtu ana mlango wake.

Sekretere alikuwa amelala chumba cha mbele, mdogo kuliko nilivyomwacha, kitambaa bado kimekazwa kichwani. "Kuko nini?" aliniuliza, na nikamwambia yote: ubatizo wa mapacha, mechi ya wavuvi na wachimbaji, kisima kipya. Alisikiliza macho yamefumba. Jirani mmoja mwanamke alikuwa amekuja kumjulia hali, ameketi mwisho wa kiti.

Ndipo Tata wa Kamyo akaingia. Alikuwa amebaki nyuma kwenye lori, na sasa alikuwa na kamba begani, ile nene ya kufungia mizigo, inanuka samaki.

"Mbuzi eko wapi?" akasema kwa sauti ya barabarani. "Nimekuya kupakia!"

Mpwa aliweka mkono mdomoni. Jirani alisimama. Tata wa Kamyo akaitandaza kamba juu ya shuka, akampima kutoka miguuni hadi kifuani, akatikisa kichwa. "Amekonda. Hii kamba itabaki mingi."

"Itabaki ya kufunga mudomo yako," Sekretere akasema.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpwa akakimbilia maji, jirani akaondoka akimwita Mungu, na mimi nilicheka na kulia pamoja, sioni aibu kusema. Alipotulia alininyooshea kidole.

"Tangazo," alisema. "Kilio. Siku haiyulikane. Kwa Mbuzi, mama ya Kuko Nini."

Nilitoa kalamu, kisha nikaishusha. Nikamwambia, "Mama, mi nitafika."

"Weye ni mutu wangu, hauhesabike." Akamgeukia Tata wa Kamyo. "Sema."

"Mi? Na kamyo yangu inaharibikaka—"

"Sema neno."

 Mtu yule wa honi na kelele alivua kofia yake nyeupe, akaishika kifuani. Miaka yote ya utani wao hakuwa amemwita jina jingine isipokuwa Mbuzi.

"Nitafika, Mama," alisema.

Sekretere alimtazama sana. "Andika jina yake," akaniambia, nami nikaandika. "Sasa mutoke inje, munanuka samaki."

Tulisimama. Nilitaka kuikunja ile kamba niiondoe kitandani, maana ilikuwa chafu na shuka zilikuwa nyeupe, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaishika.

"Iache," alisema. "Ile ni yangu."